Sinema “Rebelle”: Kadogo Anaporudi, Nani Anamupokea?

Mwaka 2012 Kim Nguyen wa Kanada alitoa sinema “Rebelle”, iliyopigwa hapa kwetu Kongo. Rachel Mwanza, mtoto wa Kinshasa, alipata kwayo zawadi ya mchezaji bora wa kike kule Berlin.

Komona ana miaka 12 waasi wanapovamia kijiji na kumulazimisha aue baba na mama yake. Anakuwa kadogo. Baadaye anatoroka, anaolewa na kijana aliyezunguka kumutafutia jogoo mweupe, lakini vita inamufuata. Hata akiisha kuacha bunduki hatulii: wazazi wanamutokea, wanadai wazikwe. Basi anarudi kijijini, na mtoto mikononi, kuwazika.

Hapo sinema inasema kweli, na sisi watu wa Maniema tunaielewa bila mufasiri. Mufu asiyeliliwa anabaki mlangoni.

Kasoro tunayoiona ni hii: Komona anazika peke yake. Wazee wako wapi? Kwetu kilio si kazi ya mtu mmoja. Jamaa inakaa chini, wajomba wanasema, wamama wanalia, na mwenye kosa anasikilizwa mbele ya wote.

Miaka ya 2000, makadogo walipotolewa jeshini, walipewa karatasi. Karatasi inamutoa mtoto katika jeshi, haimuingizi nyumbani. Kazi hiyo ni yetu sisi jamaa, na ndiyo sinema imesahau kuonyesha. Tuitazame pamoja na vijana wetu, kisha tuwaulize wazee: huyu Komona angerudi Kindu, tungemukalisha wapi?