Imani Itembeayo: Kumsoma Kitereza kutoka Mwisenge

Riwaya ya Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, iliyoandikwa kwa Kikerewe mwaka 1945 na kutolewa kwa Kiswahili mwaka 1980, imezoeleka kusomwa kama ghala la mila. Usomaji huo ni sahihi, ila haukamiliki. Riwaya hii ni pia kisa cha imani ya wazazi. Bugonoka husimangwa kwa utasa. Yeye na mumewe hawakai wakingoja muujiza, bali humwendea mganga, hunywesha dawa na hushika masharti. Dua yao ina miguu.

Msomaji wa Mwisenge, mjini Musoma, kando ya ziwa lile lile linaloizunguka Ukerewe, hana budi kuihoji riwaya hii. Mzazi amleaye mtoto mwenye selimundu huomba pia, msikitini au kanisani, lakini ombi lake halimaliziki kwa kicheko cha mtoto mchanga. Maumivu ya mifupa hurudi, damu hupungua tena. Hapa ndipo Kitereza anapopungukiwa: imani ya wahusika wake hulipwa, ilhali maradhi ya kudumu hudai imani isiyolipwa upesi.

Kauli ya “ni mapenzi ya Mungu” hushika njia mbili. Humtia mama nguvu ya kukesha na kurudi kliniki mwezi baada ya mwezi; au hufunga mlango wa maswali, dawa ikaachwa kwa kuwa mtoto “ameshaombewa”. Njia ya pili ni ya hatari. Haidroksiyurea hupunguza vipindi vya maumivu kwa anayeitumia, si kwa aliyeiweka kabatini. Tena ugonjwa huu hurithiwa kwa baba na mama kwa pamoja: wote wawili wakiwa wabebaji wa chembe hiyo, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuzaa mtoto mgonjwa. Basi simango alilotwishwa Bugonoka peke yake halina pa kusimama.

Hata hivyo, Kitereza ameacha jambo moja la thamani. Mtoto aliyeombwa kwa muda mrefu anaitwa Ntulanalwo, jina libebalo maana ya kukaa na kifo daima. Wazazi hao wanashukuru bila kuificha hofu yao. Imani ya namna hiyo, iutajao msiba kwa jina lake huku ikishika chupa ya dawa, ndiyo imfaayo mzazi wa Mwisenge.