Fundi wa Madirisha

Ukishuka kutoka Sumbawanga kwenda bonde la Ziwa Rukwa, koti unalivua njiani. Juu, kwenye uwanda wa Ufipa, asubuhi ni baridi. Huku chini Milepa, kwenye mpunga na ufuta, joto linakupokea kabla ya wenyeji. Mpwa wangu ana steshenari hapo. Anachapa barua, mikataba ya mashamba na kadi za harusi. Siku moja alinipigia simu: "Shikamoo, mjomba. Mashine imechoka. Nikifungua kitu nasubiri mpaka mteja anaondoka."

Ilikuwa laptopu kuukuu yenye ramu ya gigabaiti 1, ikitegemea betri ya sola. Mashine haikuwa mbovu. Ilikuwa imebebeshwa mzigo usiolingana nayo. Niliiwekea Linux, na juu yake IceWM.

Wengi hawalijui jina hilo, maana kazi yake huonekana pale tu inapokosekana. Programu ya kuandikia barua haijui dirisha lake likae wapi kwenye kioo. Kwenye mfumo wa X, ulioanzia chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1984, kuchora ni kazi ya X na kupanga ni kazi ya mwingine. X haina neno juu ya fremu wala nafasi. Kazi hiyo imeachiwa programu ya pembeni, msimamizi wa madirisha kama IceWM: kila dirisha linalotaka kufunguka linapita kwake, naye analipa nafasi, analivisha fremu, analiandika jina juu na kulitilia kitufe cha kulifunga. Ukimchoka, unamtoa na kumweka mwingine. Barua zako zinabaki zilipo.

Mgawanyo huu naupenda, na naukumbuka kwetu. Wafipa walioyeyusha chuma walijenga ilungu, tanuri la udongo wa kichuguu, refu kumpita mtu, lililovuta hewa lenyewe bila mivuba. Kilichotoka humo hakikuwa jembe bado. Kilipelekwa kwenye tanuri dogo, na hapo ndipo mivuba ilipofanya kazi, kikasafishwa, kisha mhunzi akakifua. Hakuna tanuri lililolazimishwa kufanya kazi ya jingine. Baadhi ya malungu bado yamesimama uwandani, na kila nikipita karibu nayo nasimama kidogo.

IceWM ilianzishwa na Marko Maček mwaka 1997, kwa lugha ya C++. Baadaye mikono mingine ikaipokea, kwa kuwa ni programu huria: msimbo wake uko wazi, anayetaka ausome, aurekebishe, augawe. Mwaka 2022 lilitoka toleo la 3, linaloruhusu madirisha kadhaa kukaa ndani ya fremu moja kama karatasi kwenye faili. Miaka zaidi ya 20 ya kuongeza, na bado inatosha kwenye mashine ambayo wengine wangeitupa! Hapo ndipo ninapouona ufundi. Kuongeza ni rahisi, kila fundi anaweza. Wanaojua kuacha ni wachache. Seremala anayetengeneza fremu ya mninga anajua kwamba mwenye nyumba atatazama shamba lake, hatatazama mbao.

Kinachonigusa zaidi ni mafaili yake. Menyu ni maandishi matupu, mstari mmoja kwa kila programu: jina, picha, amri. Hakuna kiwanda kinachoombwa ruhusa. Tulikaa na mpwa wangu jioni moja, mimi nikisoma, yeye akiandika, tukayatoa majina ya kigeni tukaweka yetu: Andika, Hesabu, Picha, Chapa. Tulipomaliza aliirudia menyu mara mbili tatu bila kufungua chochote.

Vumbi la kiangazi lilikuwa limeshaiua sehemu ya kupapasia, na kipanya cha nje nacho kilikuwa kimekatika waya. Hapo nikamwonyesha kwamba IceWM inaendeshwa kwa vidole kwenye kibodi peke yake: Alt na F7 kulihamisha dirisha, Alt na F8 kulipanua au kulipunguza, Alt na Tab kuruka kutoka moja hadi jingine. Baada ya wiki alikuwa na kasi kunishinda. Mteja akivuta kiti, barua yake imeshafunguka.

IceWM inakuja na vyumba 4 vya kazi vya kugawia madirisha, vyenye namba tu. Niliporudi Milepa nilikuta ameshavipa majina mwenyewe: Barua, Harusi, Shule, Mengineyo. Hakuwa ameniuliza njia.

"Mjomba," akasema, "nikitaka cha tano?"

Nikamwambia arudi kwenye faili la mapendeleo, kwenye mstari uleule wa majina, nikamwachia kibodi. Aliweka mkato, akafungua alama za mtajo, akaandika: Ufuta.