Ufundi wa Mwongoza Njia katika Maporomoko ya Sanje

Katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa hakuna barabara ya gari inayoingia ndani ya msitu, na kwa sababu hiyo kila mgeni anayetaka kuuona hulazimika kutembea kwa miguu, akifuata nyayo za mtu anayeijua njia. Hifadhi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1992 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,990, imekalia mpaka wa mikoa ya Morogoro na Iringa, na miongoni mwa njia zake mashuhuri ni ile inayoanzia kijiji cha Sanje, kando ya barabara itokayo Mikumi kwenda Ifakara, ikapanda ndani ya msitu wa mvua hadi kwenye maporomoko ambayo sehemu yake ndefu kabisa hudondoka takribani mita 170, na ambayo maji yake yamejichimbia mwambani mabwawa ya asili wanamoogelea wageni. Wengi hurudi wakiyasimulia maji na kima waliowaona. Aliyewatangulia njia nzima hutajwa kwa neno moja la shukrani, kisha basi, ilhali kazi yake ni ufundi kamili, wenye kanuni, zana na wanagenzi, na wenye mafundi wazuri na wabovu kama ufundi mwingine wowote.

Udzungwa ni kipande kikubwa kuliko vyote cha Milima ya Tao la Mashariki, yaani mlolongo wa milima ya miamba ya kale unaoanzia Taita nchini Kenya, ukapita Pare, Usambara, Nguru na Uluguru, ukafika hapo. Upepo wa Bahari ya Hindi unapoigonga miteremko ya mashariki ya milima hiyo hulazimika kupanda, hupoa, na kuangusha mvua ambayo upande huo hufikia milimita 2,000 kwa mwaka, na inaaminika kuwa unyevu huo wa baharini ndio uliouhifadhi msitu hata katika zama ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka. Ndiyo maana mna humo mimea na wanyama wasiopatikana penginepo duniani, na ndiyo maana msitu hupanda bila kukatika kutoka mwinuko wa mita 250 hivi juu ya usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 2,000. Kwa mwenye kutembea, hata hivyo, maelezo hayo yote yana maana ya karibu zaidi: ardhi ni chepechepe miezi mingi ya mwaka, mteremko ni mkali, majani yaliyooza yamefunika mawe na mizizi, na jicho halioni mbali.

Ufundi wenyewe huanza na udogo wa kundi. Njia ya msituni hupitisha mtu mmoja mmoja, kwa hiyo kundi lolote likishaingia hugeuka msururu. Msururu ukiwa wa watu watano au sita, sauti ya kawaida ya anayeongoza humfikia wa mwisho bila kupazwa, na akigeuka kwenye kona huwaona wote kwa mara moja. Ukiwa wa watu ishirini, habari hupitishwa mdomo kwa mdomo, na onyo kuhusu siafu lililotolewa mbele humfikia wa kumi na tano akiwa ameshawakanyaga, wamekwisha kumpanda hadi magotini. Kundi kubwa pia huipanua njia, kwa kuwa wa nyuma hukwepa tope lililokwisha kukorogwa na wa mbele, hukanyaga pembeni, na mvua inayofuata huligeuza kanyagio hilo kuwa mfereji. Wapo wanaodhani kwamba kundi dogo ni anasa inayouzwa kwa wenye fedha. Katika mteremko wa Sanje ni sharti la kazi, na mwongozaji anayekubali kupeleka umati kwa sababu ya bahashishi ya ziada anakuwa ameshaiacha nusu ya ustadi wake getini.

Hapo getini ndipo fundi hasa hutambulikana, kwa kuwa hutazama viatu kabla ya kutazama nyuso. Soli iliyolika, kamba ndefu inayoburuzika, kandambili zilizofichwa ndani ya mkoba kwa nia ya kuvaliwa baadaye, vyote humweleza jinsi mwenye kuvivaa atakavyokuwa baada ya saa moja ya kupanda. Humtafuta pia aliye mnyonge wa kutembea, ambaye kwa kawaida hajitangazi, na bila kumtahayarisha humweka wa pili, nyuma yake mwenyewe, ili mwendo wa kundi zima ufuate pumzi za mtu huyo. Mwanagenzi hufanya kinyume: hutangulia kwa kasi ya kijana aliyezaliwa mlimani, husimama juu kuwangoja wengine, na mara wanapomfikia wakihema naye huondoka tena, hivi kwamba wenye nguvu hupumzika kila kituo na mnyonge hapumziki hata kimoja.

Vivyo hivyo kwenye vijito vya kuvuka. Kuwaambia watu wawe waangalifu ni kuwaambia jambo wasiloweza kulitenda, maana hawajui waangalie nini. Fundi huchagua jiwe lenye uso mkavu na wa kukwaruza, huliwekea mguu mmoja, hulipa nusu ya uzito wake, hulitikisa kidogo kwa kisigino, na baada ya kuridhika ndipo huhamisha uzito uliobaki. Hayo yote huyafanya polepole kupita anavyohitaji yeye mwenyewe, kwa kuwa nyuma yake kuna macho yanayojifunza. Jiwe jeusi linalong'aa hulipita bila kuligusa, na wa pili naye hulipita, na wa tatu, ingawa hakuna aliyeambiwa kwamba mng'ao ule ni ukoga, yaani utando wa mwani unaoteleza kuliko sabuni.

Sikio nalo ni zana yake kuu, kwa kuwa msituni wanyama husikika kabla ya kuonekana. Hondohondo, ndege mkubwa mwenye mdomo mzito, hutangazwa na mvumo wa mbawa zake. Mbega mwekundu wa Udzungwa, ambaye haishi nje ya milima hii na pembezoni mwake, hutambulikana kwa milio yake na kwa mshindo wa matawi anaporuka kutoka mti hadi mti. Thamani ya sikio hilo imo hata katika historia ya sayansi. Mwaka 1979 watafiti Katherine Homewood na Alan Rodgers, waliokuwa wakiwachunguza mbega katika msitu wa Sanje, walisikia mlio wa mnyama wasiyemtarajia hapo: ukelele mmoja mkubwa unaofuatiwa na mkoromo wa harakaharaka. Mwenyeji aliyekuwa akiwaongoza hakuhitaji kuutafakari, kwani ulikuwa mlio wa ngolaga, kima aliyejulikana na wenyeji tangu hapo. Sayansi ilimwingiza katika vitabu vyake kama aina ya mangabe, yaani kundi la kima wakubwa wenye mikia mirefu wanaotafuta sehemu kubwa ya chakula chao chini ya miti, ikampa jina Cercocebus sanjei. Jina limeukumbuka mto na kijiji. Mwaka 1991 jambo linalofanana na hilo lilitokea kwa njia ya mzaha zaidi, pale miguu ya ndege wa ajabu ilipoonekana ndani ya chungu cha mboga katika kambi ya watafiti kwenye milima hiyohiyo, na mwaka 1994 kwale wa Udzungwa akatangazwa kuwa ndege mpya, ingawa waliokuwa wakimpika hawakumwona kuwa na upya wowote.

Kwa kuwa anajua mengi, mwongozaji hukabiliwa na kishawishi cha kuyasema yote. Wapo waliokariri urefu wa kila poromoko, jina la Kilatini la kila mti na idadi ya kila mnyama, na huyatoa kwa mfululizo usiokatika kutoka getini hadi majini, wageni wakiitikia kwa vichwa huku macho yao yakiwa miguuni. Huko ni kufanya kazi nyingi na ufundi mdogo. Mwenye kiasi huchagua mti mmoja, labda wenye shina la rangi ya majivu na mizizi iliyotanuka ubavuni mwake kupita kimo cha mtu, husimama hapo pumzi za kundi zinapohitaji kusimama, na hueleza kwamba mizizi hiyo huushikilia mti mrefu katika udongo wa juu, ambamo ndimo ilimo sehemu kubwa ya rutuba ya msitu. Mapumziko yanakuwa somo, na mnyonge aliyekaribia kuomba radhi hahitaji tena kuomba.

Kwenye mabwawa ndiko ufundi huu hupimwa kwa ukali zaidi, na ajabu ni kwamba ndiko wageni hudhani mwongozaji amemaliza kazi. Bwawa la chini ya poromoko huzaliwa na maji yenyewe, kwani mkondo unaoanguka huzungusha kokoto na mchanga, navyo husaga mwamba miaka nenda miaka rudi mpaka pakawa na kilindi. Kwa hiyo kina chake hakilingani, na jiwe lililosalia katikati huweza kuwa limezama kiasi cha mkono tu huku pembeni yake mtu mzima hafikii chini. Povu jeupe linalowavutia wapiga picha limejaa hewa, na maji yaliyojaa hewa humwelesha mtu kidogo kuliko maji matulivu, ilhali mkondo unaoanguka humsukuma chini na kumrudisha palepale. Mwongozaji hodari kwa hiyo huwaelekeza watu mahali maji yanapotokea, yaliko mapana na ya taratibu, huingia mwenyewe kwanza akipapasa kwa fimbo, na hukataza kabisa kupiga mbizi kutoka juu ya mwamba. Hukataza pia, kwa ukali ambao hautegemewi kwa mtu aliyekuwa mpole njia nzima, kukaribia ukingo ambao maji ya bwawa la juu hupitia kabla ya kudondoka tena, kwani hapo maji huonekana membamba na yasiyo na nguvu, na mwamba chini yake una ukoga.

Halafu lipo suala la joto. Aliyepanda kwa saa nzima anawaka mwili mzima, na maji ya mlimani ni baridi; mtu akijitosa ghafla hushtuka, huvuta pumzi bila kutaka, na pumzi hiyo ikimkuta chini ya maji huwa hatari. Fundi huwachelewesha kwa hila: huwatolea ndizi, huwaonyesha bonde la Kilombero na mashamba yake ya miwa yaliyotandaa chini, huzungumza juu ya reli ya TAZARA inayopita huko, na jasho likishakauka ndipo huwaruhusu kuingia, miguu kwanza, kisha mikono, kisha kifua.

Yeye mwenyewe, wakati wote huo, haogelei. Huketi mahali anapoona vichwa vyote na kuyatazama maji yanayoingia, kwa kuwa mvua inaweza kunyesha kwenye uwanda wa juu huku anga ya bwawani ni samawati, na mto ukapanda kabla wingu halijaonekana. Dalili ni ndogo: maji yaliyokuwa angavu yanabadilika kuwa ya rangi ya chai, majani na vijiti vinaongezeka juu yake, alama ya unyevu kwenye mwamba aliouchagua tangu mwanzo inamezwa, na mlio wa poromoko unakuwa mzito. Akiona moja huwatoa wote bila mjadala, na maelezo hufuata wakiwa wamesimama pakavu.

Ulinzi huo hauwahusu waogeleaji peke yao. Sabuni na mafuta ya kujikinga na jua hayaruhusiwi, maana maji hayo yanateremka kwa watu, na ndani yake wanaishi viumbe wanaopumua kwa ngozi. Somo la wazi zaidi limo katika milima hiyohiyo, kwenye bonde la Kihansi, ambako kuliishi chura mdogo wa manjano aliyetegemea manyunyu ya poromoko moja tu. Bwawa la umeme lilipoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1990, sehemu kubwa ya maji ikaelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakapungua, ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi za vyura ukaingia, na mwaka 2009 chura huyo akatangazwa kutoweka porini, akabaki katika bustani za wanyama za Marekani alikokuwa amepelekwa. Alianza kurudishwa Kihansi mwaka 2012. Mwongozaji anayesisitiza viatu vioshwe tope la mbali kabla ya kuingia msituni huonekana msumbufu mpaka habari hiyo isimuliwe.

Kuna vyuo vinavyofundisha sehemu ya mambo haya, na Chuo cha Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963 chini ya Kilimanjaro, kimetoa wataalamu wengi wa wanyamapori. Lakini kusoma rangi ya maji na pumzi za watu hufunzwa njiani, na njia bora ya kufunza ni kumweka mwanagenzi mkiani mwa msururu, mahali ambapo miguu yote huonekana na makosa ya kila mtu yanajulikana kabla ya kutokea. Wakati wa kushuka ndipo hufaidi zaidi. Mapaja ya wageni yamechoka na hutetemeka, nguo zimelowa, na furaha ya maji imewaondolea hofu, kwa hiyo mapengo kati ya mtu na mtu lazima yaongezwe, ili anayeteleza asimwangushe aliye mbele yake. Bwana mkubwa wa kazi hushuka ubavu-ubavu akiwa na mnyonge wake nyuma tu, fimbo upande wa bonde. Kijana aliye mkiani huhesabu visigino kila kona, na anaposikia kimoja kimeburuzwa badala ya kunyanyuliwa, huita jina la mwenye mguu ili kundi lisimame kwanza.