Ini Moja, Watu Wawili Walio Hai

Julai 1989, mjini Brisbane, Australia, daktari mpasuaji Russell Strong na wenzake walikata kipande cha ini la mama wa Kijapani wakampandikizia mwanawe mchanga, ambaye mirija yake ya nyongo ilikuwa imeziba tangu kuzaliwa. Wote wawili walipona. Madaktari wa São Paulo, Brazili, walikuwa wamejaribu miezi kadhaa kabla, lakini mtoto waliyempandikiza hakuishi.

Kwa nini mama huyo aende mbali hivyo? Japani haikukosa mabingwa. Ilichokosa ni sheria: hadi 1997 haikuruhusu ini kuchukuliwa kwa mtu aliyekufa ubongo huku moyo wake ungali unapiga. Basi njia iliyobaki ilikuwa mtu aliye hai.

Ramani ya kazi hiyo ilichorwa zamani. Katika miaka ya 1950, Mfaransa Claude Couinaud alionyesha kwamba ini lina sehemu nane, kila moja ikiwa na matawi yake ya mishipa ya damu na ya mrija wa nyongo. Anayejua mipaka hiyo anaweza kupita katikati. Wapasuaji walianza kwa marehemu: wakapunguza ini la mtu mzima ili litoshe tumbo la mtoto, na mwaka 1988 Rudolf Pichlmayr, wa Hannover, akaligawa ini moja kwa wagonjwa wawili. Strong mwenyewe alikwisha kupunguza maini ya namna hiyo kabla ya kumlaza mama yule mezani.

Tofauti ilikuwa kubwa, hata hivyo. Ini la marehemu hukatwa likiwa limepozwa, halina damu. La mtu aliye hai hukatwa damu ikipita, na mpasuaji hana ruhusa ya kujichukulia mshipa mrefu anaoutaka. Lazima mwenye ini abakiziwe wake. Kipande kinachotoka huwa na vishina vifupi, na ateri yake huenda isizidi milimita 2 au 3. Ikiganda damu humo, kipande kiko hatarini kufa. Timu ya Koichi Tanaka, Kyoto, iliyoanza kazi hii 1990, iliamua kuishona ateri hiyo chini ya hadubini, na kuganda kukapungua sana. Kwangu mimi, hatua hiyo ina uzito sawa na ile ya Brisbane, ingawa haitajwi sana.

Mtoto hutosheka na sehemu mbili za upande wa kushoto, kama robo ya ini au pungufu. Kwa mtu mzima hesabu hubadilika. Kanuni inayotumika sana hutaka kipande kisipungue asilimia 0.8 ya uzito wa mgonjwa. Mwenye kilo 70 anahitaji gramu 560. Ndiyo maana timu ya Fan Sheung Tat, Hong Kong, mwaka 1996 ilianza kuchukua upande wa kulia, wenye zaidi ya nusu ya ini. Kinachobaki hukua ndani ya wiki na miezi, lakini siku za mwanzo mtoaji huishi kwa theluthi moja tu ya ini lake, na wapo watoaji waliofariki.

Wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki hupandikizwa India, na mara nyingi mtoaji ni ndugu. Kabla ya kutia saini, familia imwulize mpasuaji: huyu mzima atabakiwa na asilimia ngapi ya ini lake?