Mapenzi na Kazi za Kila Siku katika Riwaya ya Aniceti Kitereza

1. Tatizo

Katika vitabu vya historia ya fasihi ya Kiswahili, Aniceti Kitereza (1896–1981) hutajwa kwa heshima, kisha hupitwa haraka. Riwaya yake ndefu, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali, husifiwa kuwa ghala la mila za Wakerewe wa Ziwa Viktoria: kilimo, uvuvi, uganga, ndoa, matanga. Sifa hiyo ina hatari yake. Anayeiita riwaya ghala amekwisha kukubali kwamba msomaji ataingia humo, achukue anachokihitaji na kutoka, bila kuulizwa kama kisa kimemgusa. Kisa chenyewe, yaani mapenzi ya mume na mke wasiojaliwa mtoto, huhesabiwa kuwa uzi mwembamba tu wa kushonea maelezo ya mila.

Makala haya yanatetea rai nyingine. Katika riwaya hii, maelezo marefu ya kazi za kila siku ndiyo lugha ya mapenzi yenyewe. Mhakiki akiyaondoa ili abaki na kisa kitupu, mapenzi nayo yatakuwa yameondoka.

2. Safari ya kitabu

Kitereza alizaliwa katika kisiwa cha Ukerewe, katika ukoo wa watawala. Alisoma kwa Mapadre Weupe, kwanza katika misioni ya Kagunguli, halafu katika seminari ya Rubya upande wa Bukoba, ambako alijifunza Kilatini. Hakufikia upadre. Alioa, akarudi kuishi kisiwani. Kwa kuhimizwa na Padre Almas Simard, Mkanada, aliandika riwaya yake kwa Kikerewe na kuimaliza mwaka 1945. Hakupatikana mchapaji wa kitabu kikubwa namna hiyo katika lugha yenye wasemaji wachache. Simard alianza kukifasiri kwa Kifaransa, lakini kazi yake haikufika mtamboni. Hatimaye mtunzi mwenyewe, akiwa mzee, alikifasiri kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikakitoa kwa tarehe ya 1980. Kitereza alifariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia. Tafsiri ya Kijerumani ilitoka katika miaka ya 1990, juzuu la kwanza la Kifaransa mwaka 1996, na ya Kiingereza mwaka 2002 kwa kazi ya Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwenzake wa Ukerewe.

Miaka 35 kati ya kuandikwa na kuchapwa imevuruga mpangilio wa historia ya fasihi. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa mwingine wa Ukerewe, ilitoka mwaka 1971. Kwa hiyo wasomaji wa Kiswahili walikutana na Rosa kabla ya kukutana na Bugonoka, ingawa Bugonoka aliandikwa kwanza. Waliposoma juu ya nyumba ya Wakerewe iliyovunjwa na ulevi, fimbo ya baba na barua ya siri ya mapenzi, hawakuwa na picha ya kitabuni ya nyumba iliyosimama. Kitereza alipochapwa, alionekana mtu wa kale aliyechelewa. Kwa tarehe ya uandishi, yeye ni wa wakati mmoja na Shaaban Robert (1909–1962).

3. Vyanzo vya mtunzi

Vyanzo vitatu vinastahili kutajwa. Cha kwanza ni masimulizi ya wazee. Msimulizi wa Kitereza hana haraka. Akifika penye jambo asilolijua kijana, husimama na kulieleza, kama afanyavyo mzee mbele ya wajukuu. Cha pili ni shule ya wamisionari, iliyompa kalamu, mazoea ya kusoma vitabu virefu, na kazi ya kutafsiri iliyomfundisha kupima neno la lugha moja kwa neno la lugha nyingine. Cha tatu ni maisha yake: yeye na mkewe Anna walifiwa na watoto wao. Haifai kuifanya riwaya kuwa tawasifu. Hata hivyo ni vigumu kuamini kwamba aliyeandika habari za Bugonoka na mimba zilizoharibika alikuwa akikusanya mila tu.

Hapa swali moja haliepukiki. Myombekere anashikilia mke mmoja asiyezaa, huku ndugu zake wakimshinikiza amwache. Je, ni ndoa ya Kikatoliki iliyovikwa mavazi ya kale? Kitereza ameuweka wakati wa kisa kabla ya Wazungu kufika, na ndani ya kisa hakuna lolote linalohitaji katekisimu. Myombekere anapita katika njia zilizokuwapo: kikao cha wakwe, faini, pombe, mganga. Huenda imani ya mtunzi ilimsaidia kuchagua jambo la kusimulia. Namna ya kulisimulia aliichukua nyumbani.

Kwa msomaji wa Kongo, kuna kipimo kilicho karibu zaidi. Stefano Kaoze, Mkongo wa kwanza kupewa upadre, mwaka 1917, alilelewa na shirika hilo hilo la Mapadre Weupe, upande wa magharibi wa Ziwa Tanganyika. Mwaka 1910 alianza kuchapisha kwa Kifaransa insha juu ya saikolojia ya Wabantu. Wote wawili walitaka watu wao wasomwe na kueleweka. Kaoze alichagua insha, inayosema juu ya watu kwa jumla. Kitereza alichagua mume mmoja na mke mmoja, akawapa majina, shamba na jiko. Kuisoma kazi yake kama insha ya mila ni kumnyang'anya uamuzi huo.

4. Vibuyu sita

Tukio linalothibitisha rai ya makala haya ni lile la faini. Ndugu za Myombekere wanamtukana Bugonoka kwa ugumba, na wazazi wake wanakuja kumchukua. Mume anabaki peke yake, na kazi ambazo katika jamii ile zilikuwa za mke zinamwangukia. Mtunzi hasemi kwamba Myombekere anaumia moyoni. Anamwonyesha mbele ya moto na chungu. Msomaji anauona upweke katika kazi isiyomzoea aifanyaye.

Myombekere anapokwenda kuomba mkewe arudi, wakwe wanamtoza vibuyu sita vya pombe ya ndizi. Hapo ndipo mhakiki mwenye haraka hufunua kurasa, kwa kuwa yanaanza maelezo ya pombe. Ndizi zinatafutwa na kuivishwa, zinakamuliwa, nafaka ya kuchachushia inaandaliwa, watu wanaitwa kusaidia, kwa kuwa kazi hiyo haimalizwi na mtu mmoja. Maelezo ni marefu kwa sababu kazi ni ndefu, na urefu wa kazi ndio kipimo cha nia ya mume. Mtu asiyempenda mkewe angeiacha siku ya kwanza. Kila hatua inampa Myombekere nafasi ya kukata tamaa, naye haitumii. Zaidi ya hayo, kila jirani anayetia mkono katika pombe ile anakuwa shahidi kwamba Bugonoka anatakwa. Tusi lililosemwa na ndugu mbele ya watu linafutwa kwa kazi iliyofanywa mbele ya watu.

Mhakiki aliyefunzwa kutafuta mapenzi katika barua, machozi na maneno ya faraghani hataona kitu hapo. Katika Rosa Mistika barua ndiyo inayoleta balaa, kwa kuwa mapenzi yamekwisha kuwa jambo la maandishi na la siri. Kwa Kitereza mapenzi yako uani, mbele ya macho ya wote, na msamiati wake ni jembe, chungu, mtumbwi na kibuyu. Watu wa kawaida wanaingia katika riwaya hii wakiwa na kazi zao, na katika kazi hizo wanapata hadhi ambayo waandishi wengine huwapa wafalme.

5. Majina

Ulinganisho na Shaaban Robert unaonekana katika majina. Adili na Utubora ni majina ya maadili. Mhusika ameumbwa ili alibebe jina lake. Watoto wa Myombekere wanaitwa kwa desturi ya wazazi walioonja kifo. Ntulanalwo ni jina la mtu akaaye na kifo siku zote; Bulihwali ni swali kwamba huzuni itakwisha lini. Majina hayo hayafundishi wema. Yanahifadhi kumbukumbu ya wale waliotangulia kufa, na kila mtoto anapoitwa kuja kula, msiba wa wazazi wake unatajwa pamoja naye. Mpangilio wa majina katika anwani ya kitabu nao una maana: mume, mke, mwana, binti. Ni nyumba nzima kama jirani angeihesabu, na mume na mke wanatajwa kwa heshima ya Bwana na Bibi ingawa si watawala.

6. Kasoro

Kumtetea Kitereza hakumlazimu mhakiki kufumba macho. Si kila maelezo ya kitabu yamebeba uzito kama yale ya pombe. Pengine msimulizi anafundisha kwa kupenda kufundisha, na kisa kinamngoja. Usimulizi unapowageukia watoto, malezi na ndoa zao, uzi uliowafunga Myombekere na Bugonoka unalegea. Jambo zito zaidi ni sauti ya Bugonoka. Anachukuliwa, anagombewa, anarudishwa. Safari na maamuzi makubwa ya sehemu hiyo ni ya wanaume. Msomaji angetamani kumsikia zaidi katika siku alizokaa kwa wazazi wake. Aidha, kisa kinakubali bila shaka kubwa kwamba ndoa hukamilika kwa mtoto. Mapenzi ya Myombekere yanazidi kanuni hiyo, lakini mtunzi hakuyaacha yasimame bila mtoto.

7. Hitimisho

Suala lililojadiliwa linapita kitabu kimoja. Kama maelezo ya kazi na mila si fasihi mpaka yapunguzwe, basi sehemu kubwa ya maandishi ya watu wanaokisema Kiswahili pamoja na lugha ya nyumbani itabaki mlangoni. Hali hiyo inaihusu Kongo moja kwa moja. Lubumbashi, Bukavu, Kalemie na Kisangani, Kiswahili kinaishi bega kwa bega na Kiluba, Mashi, Kilega na lugha nyingine nyingi, na mwandishi anayekitumia hubeba ndani yake vitu vya lugha hizo. Kitereza alifanya hivyo waziwazi: aliandika kwa lugha ya mama, kisha akaivusha kazi yake mwenyewe hadi Kiswahili, bila kuondoa yale ambayo msomaji wa pwani asingeyajua.

Kwa wanaofundisha riwaya hii, njia moja inafaa kujaribiwa. Badala ya kuwataka wanafunzi waorodheshe mila zilizomo, waulizwe katika kila kazi inayoelezwa: nani anaifanya, kwa ajili ya nani, na nani anamtazama. Kwa maswali hayo, kurasa zilizokuwa zikirukwa zitasomeka kuwa kurasa za mapenzi.