‘Kuiba’ na ‘Kuchukua’: Mpaka wa Ayer kati ya Kauli za Uhakika na Kauli za Thamani

Katika Language, Truth and Logic (1936), A. J. Ayer anadai kwamba kauli yenye maana ni ile inayoweza kuthibitishwa kwa tajriba, au iliyo kweli kwa fasili za maneno yake tu. Kauli za maadili hazimo katika makundi hayo. Kwa mujibu wake, hudhihirisha hisia za msemaji na kuchochea za msikilizaji, basi.

Mfano wake mashuhuri unahusu mtu anayeambiwa kuwa alifanya vibaya kuiba fedha. Ayer anashikilia kuwa tukiondoa neno ‘vibaya’, habari yote inabaki: fedha ziliibwa. Kinachopotea ni kama mkazo wa sauti tu.

Wahakiki wengi wameshughulikia sehemu iliyoondolewa. Udhaifu mkubwa zaidi umo katika iliyobaki. ‘Kuiba’ si jina la tendo la mkono. Mkono wa mwizi na wa mwenye mali hufanya jambo lilelile: huchukua. Uchukuaji huwa wizi pale tu haki ya mtu inapovunjwa, na haki ndiyo Ayer aliyodhani ameiacha nje.

Tuchukue mtoto aliyechuma embe shambani kwa mjomba wake bila kuomba. Jirani asema ameiba; mama yake asema amechuma cha kwao. Hawabishani kuhusu embe, wala hawaoneshani hisia tu. Wanabishania anachostahiki mpwa kwa mjomba, na jibu la swali hilo ndilo litakaloamua nini kilitokea.

Mtetezi wa Ayer atajibu kwamba umiliki ni suala la sheria na desturi, nazo huchunguzika kama mvua inavyopimwa. Jibu hilo lina uzito kuliko wapinzani wake wanavyokubali. Lakini hufaa pale tu desturi inapokuwa imekwisha kukata shauri. Kwa embe lile, bado.

Philippa Foot alikaribia hoja hii mwaka 1958 kwa kuchambua dhana ya ufidhuli: anayekubali masharti ya kulitumia neno hana uhuru wa kuikataa hukumu yake. Hata hivyo, mfano wake ni wa adabu, na adabu hudharauliwa bila hasara kubwa. Wizi una mahakama.

Mwalimu anayemfundisha Ayer kwa Kiswahili na kutafsiri kwa ‘kuiba’ huupokea mpaka huo pamoja na kasoro yake. Akitumia ‘kuchukua’, mwanafunzi atauliza mara moja: fedha zilikuwa za nani?