Mabepari wa Nyerere wanahitaji mhariri
Edmond Malone, mzawa wa Dublin, alipohariri tamthilia za Shakespeare mwaka 1790, alilinganisha machapisho ya zamani na kufafanua maneno yaliyochakaa. Sisi je? Nyerere alitafsiri Julius Caesar mwaka 1963, akaipiga msasa upya 1969 kwa jina Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo akatoa Mabepari wa Venisi. Tafsiri ni tamu, sibishi. Ila mwanafunzi wa Msambweni akisikia “bepari” humwona mnyonyaji tu, ilhali neno hilo lilitoka Bara Hindi likiwa na maana ya mfanyabiashara. Tena Shakespeare alimtaja mmoja, si wengi! Wingi huo ni siasa ya Azimio la Arusha? Nadhani ndiyo. Lakini bila tanbihi, msomaji wa Diani atashtukia wapi?